Askari Huhesabiwa, Mtumishi Je?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa matawi ya Mjini na Mashamba)





Tumetakiwa na Kamati tuseme maneno machache juu ya siasa ya Serikali katika mambo ya nchi za nje. Huenda akatokea mtu akauliza: wenye maduka na mambo ya mabalozi, wapi na wapi? Jawabu letu ni fupi. Siasa ya nchi za nje haikai Dodoma na Dar es Salaam peke yake. Huingia madukani mwetu kila mwisho wa mwezi, pale mama anapokuja kulipa deni la mchele na unga kwa fedha alizoletewa na binti yake kutoka Maskati. Na mwezi ambao fedha haziji, na simu haijibiwi, siasa hiyo huingia vile vile. Sisi tunaoandika madeni twaijua sura yake, na twaona ni haki yetu kuisema.

Jambo tunalotaka kulisema leo ni moja. Serikali yetu ina njia mbili ambazo kwazo watu wake huenda kufanya kazi katika nchi za watu. Njia ya kwanza ni ya askari, anayepelekwa kulinda amani. Njia ya pili ni ya mtumishi, anayekwenda kupika, kufua na kulea watoto wa wenyewe. Njia ya kwanza ina hati, ina hesabu na ina dhamana. Njia ya pili aghalabu haina hata moja katika hizo. Nasi twasema kwamba wote wawili ni raia wa nchi moja, na kwamba Serikali yenye kumlinda mmoja ikamsahau wa pili, imeifanya nusu ya kazi yake.

Tuanze na njia ya kwanza, tena tuanze kwa insafu, kwani mwenye kudai haki sharti naye aitoe.

Nchi hii ina sifa katika ulinzi wa eneo letu la Afrika. Tangu 1963, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipowekwa Dar es Salaam, wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipata hapa pahala pa kulala, pa kujifunza na pa kusemea. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, askari wetu waliyarudisha nyuma, na tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ukaanguka. Machi 2008 askari wa Tanzania, pamoja na wa Sudan, walilisaidia jeshi la Komoro kukirejesha mikononi mwa serikali ya nchi hiyo kisiwa cha Anjouan, ambacho wazee wetu hukiita Nzuwani. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipounda kikosi maalum cha kupambana na waasi mashariki ya Kongo, nchi zilizotoa askari ni Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kazi hiyo haikuwa ya mchezo: tarehe 7 Disemba 2017 askari wa Tanzania zaidi ya 10 waliuawa katika shambulio moja kwenye kambi yao huko Semuliki.

Mwaka 2021 askari wetu waliingia Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, pamoja na wenzao wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, yaani SADC. Moto wa huko ulikwishavuka mto Ruvuma, kwani Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoa wa Mtwara, kilishambuliwa. Disemba 2023 kazi nyengine ya SADC ikaanza Kongo. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na Machi 2025 wakuu wa SADC wakaamua kuimaliza kazi hiyo na kuwarudisha askari makwao.

Katika hayo yote watu waweza kukhitalifiana. Wako wanaosema tumekwenda mbali mno na mipaka yetu, na wako wanaosema kwamba nyumba ya jirani ikiwaka yako haina amani. Leo hatukuja kuamua baina yao. Leo twataka mtazame jambo moja tu, nalo ni namna askari anavyopelekwa.

Kabla hajapanda ndege, jina lake na namba yake vimekwisha andikwa. Serikali imekwisha kutia saini hati inayosema atakaa wapi, atalishwa na nani, na akikosa atahukumiwa na mahkama gani. Anaye mkuu wake, na anaye daktari wake. Ana siku ya kwenda na siku ya kurudi. Akijeruhiwa hurudishwa kwao. Akifa, jeneza lake hufunikwa bendera, wakubwa husimama uwanja wa ndege kulipokea, na ikiwa alikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, uko utaratibu wa fidia kwa watu aliowaacha.

Hatumhusudu askari huyo. Ni haki yake, na pengine bado ni kidogo. Lakini ushahidi tunaoutaka umo humo humo. Serikali yetu haiwezi kutwambia kwamba haijui namna ya kumpeleka mtu ugenini kwa heshima. Inajua sana, na imefanya kila ilipotaka kufanya.

Sasa natutazame njia ya pili.

Mtumishi huja kutafutwa na dalali, mara nyingi mtu wa mtaani, na pengine jamaa. Huahidiwa mshahara mzuri, nyumba ya watu wachache na siku moja ya mapumziko katika juma. Akifika huko hukuta mkataba mwengine, umeandikwa kwa lugha asiyoisoma, na mshahara mwengine. Pasi yake ya safari huchukuliwa siku ya kwanza na kutiwa kabatini. Nyumba ya watu wachache huwa ni nyumba ya baba, mama, watoto, na jamaa wa kila Ijumaa. Tangu hapo hakuna ofisi iliyoandika jina lake mahali ambapo mama yake aweza kwenda kuuliza.

Wala haya si maneno ya barazani. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa kitabu kizima juu ya watumishi wa nyumbani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Walisema na wanawake 50. Walielezwa khabari za pasi zilizozuiliwa, za mishahara iliyopunguzwa au isiyolipwa kabisa, za kazi iliyofika hata saa 21 kwa siku bila ya mapumziko. Wengine walipigwa, na wengine walivunjiwa heshima yao kwa namna ambayo hatutaisema mbele ya mkutano wenye wazee na watoto. Aliyekimbia aliweza kushitakiwa kwa kosa la kutoroka. Aliyetaka kurudi kwao aliweza kuambiwa alipe kwanza gharama zilizotolewa kumleta. Na sheria ya kazi ya Oman ya 2003 iliwaweka watumishi wa nyumbani nje ya hifadhi yake, hata mwenye kudhulumiwa akakosa mlango ule ule ambao mjenzi au mfanyakazi wa hoteli aliweza kuubisha.

Hatusemi kwamba kila nyumba ya Oman ni jela. Hayo yatakuwa ni uzushi, na kwetu sisi yatakuwa pia ni kukata udugu, kwani sisi na watu wa huko tuna damu, tuna lugha na tuna makaburi ya pamoja. Wako mabinti zetu waliofikia kwa watu wema, wakajenga nyumba makwao na wakasomesha ndugu zao. Lakini haki ya mtu haifai kutegemea bahati ya mlango aliobisha. Aliyefikia kwa watu wema haimpasi kwenda ubalozini. Aliyefikia kwa watu waovu ndiye ambaye ubalozi umejengwa kwa ajili yake.

Mabibi na Mabwana, liko neno moja tungependa tulitulie. Neno hilo ni kafala, na ndilo jina la utaratibu unaowafunga wafanyakazi wa kigeni katika nchi za Ghuba. Sisi tuliokaa chini mbele ya Maalim neno hili hatukulijulia Arabuni. Tumelisoma katika vitabu vya fiqhi, katika mlango wa dhamana. Kafili ni mtu anayejitwika mzigo wa mwenzake: mwenzake akishindwa kulipa, yeye hulipa, mwenzake akihitajiwa, yeye humleta. Na mwenye kumlea yatima naye huitwa kafili wake. Kwa hivyo, kwa asili yake, kafala ni mzigo juu ya mwenye nguvu kwa faida ya mnyonge.

Katika utaratibu wa Ghuba mzigo umegeuzwa. Ruhusa ya mgeni kukaa nchini imefungwa na jina la tajiri mmoja, na kwa miaka mingi mgeni huyo hakuweza kuhamia kazi nyengine bila ya idhini yake. Baadhi ya nchi zimeanza kuulegeza utaratibu huu, na Oman yenyewe ilianza Januari 2021. Lakini mtumishi wa nyumbani, aliyefungiwa ndani ya nyumba, ndiye wa mwisho kufikiwa na kila jema linaloandikwa katika magazeti ya serikali.

Basi twauliza: ikiwa kafili wa huko hafanyi kazi ya kafili, mdhamini wa kweli wa raia ni nani? Twasema ni ile Serikali iliyompa pasi. Pasi ina nembo ya nchi. Maana yake ni kuwaambia walimwengu kwamba mtu huyu ana wenyewe. Dhamana hiyo haikomi pale ndege inapoinuka.

Wako watakaotwambia kwamba tumechanganya mambo mawili: usalama wa eneo ni shughuli ya majeshi, na ujira wa watumishi ni shughuli ya ofisi ya kazi. Twawaomba watusikilize kidogo.

Tarehe 2 Agosti 1990 Iraq iliingia Kuwait. Mamia ya maelfu ya wafanyakazi wa kigeni waliamkia vitani. India ilimpeleka waziri wake wa mambo ya nje, I. K. Gujral, mpaka Baghdad na Kuwait kwenyewe, kisha ikaleta ndege baada ya ndege katika mji wa Amman na kuwatoa watu wake zaidi ya 100,000. Tarehe 7 Oktoba 2023, katika mashambulio yaliyofanywa Israel, vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kazi za kilimo walipoteza maisha yao. Mwaka 2024 mabomu yalipozidi Lebanon, watumishi wa nyumbani wa Kiafrika na wa Kiasia waliachwa na matajiri wao. Wengine walifungiwa majumbani na wengine walilala barabarani Beirut. Juni 2025 Israel na Iran zilipigana siku 12. Tarehe 23 ya mwezi huo makombora ya Iran yalielekezwa katika kambi ya Marekani iliyoko Qatar, na anga za nchi kadha za Ghuba zikafungwa kwa muda.

Usiku ule, mtumishi asiye na pasi mkononi angekimbilia wapi? Na Serikali ingetaka kumtoa, ingempata kwa orodha gani?

Hapa pia tutatoa insafu. Vita vilipozuka Khartoum, Aprili 2023, Serikali yetu iliwatoa watu wake kwa njia ya Ethiopia, na wengi wao walikuwa ni wanafunzi. Ilikuwa kazi njema na twaisifu. Lakini mwanafunzi hujulikana chuo chake na majina yake yameandikwa. Mtumishi wa nyumbani hukaa peke yake nyuma ya ukuta, na mtaa wake haujulikani ila na dalali. Kazi ya kumwokoa wakati wa vita haianzi siku ya vita. Huanza siku anayoondoka hapa, kwa kalamu na daftari.

Kwa hivyo ramani ya usalama ni ipi? Ramani ya majeshi huonyesha Goma na Cabo Delgado. Ramani ya mama wa Makunduchi au Wete huonyesha Maskati, Dubai, Doha na Riyadh. Twataka Serikali izitandike ramani hizo mbili juu ya meza moja.

Sasa tuje katika suali ambalo visiwani humu haliwezi kukwepwa, nalo ni la nani mwenye dhamana hii.

Tarehe 16 Disemba 1963 Zanzibar ilipokewa katika Umoja wa Mataifa ikiwa nchi yenye kiti chake. Haikutimia miezi 5 kabla ya mambo yake ya nje kutiwa katika Muungano. Hati za Muungano, walizotia saini Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili 1964, ziliweka mambo 11 mikononi mwa Serikali ya Muungano. Na miongoni mwao ni mambo ya nje, ulinzi, uraia na uhamiaji. Disemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Yakazuka makelele kwamba mambo ya nje si yake, na Agosti 1993 ikajitoa.

Somo hilo tulilisikia. Lakini ikiwa mambo ya nje si ya Zanzibar wakati wa kuingia katika jumuiya, basi hayawezi kuwa ya Zanzibar wakati binti wa Kizanzibari amefungiwa jikoni na anataka kurudi kwao. Mwenye kushika enzi ashike na mzigo wake. Haiwi enzi ikawa ya Muungano na machozi yakawa ya visiwani.

Tena iko kasoro nyengine. Kazi na ajira hazimo katika mambo ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005, na Bara ina sheria yake. Matokeo yake ni kwamba binti wa Pemba huondoka kwa kanuni za Zanzibar, binti wa Tanga huondoka kwa kanuni za Bara, na wote wawili wakipata shida hukutana mlangoni mwa ubalozi mmoja. Dalali mwerevu huuona ufa huo. Pakikazwa huku hupitia kule. Na pakikazwa kote, mpaka wa Kenya hauko mbali. Ukuta wenye nyufa haulindi nyumba, hata ukipakwa chokaa kila mwaka.

Tumeyasikia majibu ya upande wa pili, nasi tutayajibu moja moja.

Jibu la kwanza ni kwamba tusiwaudhi wenye nchi, tutakosa kazi na tutakosa misaada. Jibu la pili ni kwamba wanawake wapigwe marufuku kabisa kwenda, tupumzike. Jibu la tatu ni kwamba sisi ni nchi maskini, na maskini hachagui.

Kwa jibu la kwanza na la tatu, twawataka mtazame Ufilipino. Nao ni watu wa visiwa, zaidi ya 7,000, na nao si matajiri. Watu wao wameenea Ghuba yote. Mwaka 1995 mtumishi mmoja wa nyumbani wa Kifilipino alinyongwa Singapore kwa hukumu ambayo watu wa nchi yake hawakuiamini. Wananchi walitoka barabarani, na mwaka ule ule ikatungwa sheria ya kuwahifadhi wafanyakazi walioko nchi za nje. Leo siasa yao ya nje ina nguzo 3: usalama wa nchi, uchumi, na hifadhi ya raia wao walioko ugenini. Nguzo ya tatu imesimama sawa na ya kwanza.

Nayo ilijaribiwa. Julai 2004 dereva mmoja wa lori wa Kifilipino alitekwa Iraq, na watekaji wakataka askari wa Ufilipino, waliopata kama 50, waondoke. Serikali ya Ufilipino iliwaondoa, na dereva akaachiwa akiwa hai. Marekani haikupendezewa. Hapa pia watu wakhitalifiane wapendavyo, na wako wasemao kwamba kumtii mtekaji ni kumpa hamu ya kuteka tena. Lakini kila mfanyakazi wa Kifilipino alijua tangu siku ile kwamba katika mizani ya Serikali yake dereva wa lori ana uzito. Mwaka 2018, baada ya mtumishi wao mmoja kukutwa ameuawa Kuwait, waliwazuia watu wao kwenda huko kwa kazi mpya, na Mei ya mwaka huo Kuwait ikatia saini mapatano kwamba tajiri asizuie pasi ya mtumishi wala asimnyang'anye simu. Hatusemi kwamba Wafilipino hawadhulumiwi tena. Wangali wanadhulumiwa. Lakini aliyedhulumiwa anajua pa kwenda, na Serikali yake inajua pa kuanzia.

Mapatano yale hayakuvunja urafiki wa Kuwait na Ufilipino. Anayehitaji mpishi, mlezi na dereva naye ni mwenye haja. Wenye maduka twajua kwamba katika biashara hakuna mwenye haja peke yake. Anayeuza ana haja, na anayenunua ana haja, na bei hupatikana kwa kusema. Asiyesema hupewa bei ya mwenzake.

Kwa jibu la pili, la kupiga marufuku, twatazame Indonesia. Mwaka 2015 serikali yake ilikataza watumishi wapya wa nyumbani kwenda nchi 21 za Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Wanawake waliendelea kwenda, ila kwa mlango wa nyuma, bila ya mkataba na bila ya jina kuandikwa. Marufuku hayaondoi njaa ya nyumbani. Humwondoa msafiri katika daftari, na humtia zaidi mikononi mwa dalali. Wala hatuoni haki kumfungia mlango mwanamke mzima mwenye akili zake anayetaka kutafuta riziki. Tunachokitaka ni mlango wenye taa.

Tarehe 19 Mei 2025 Serikali ilizindua Dar es Salaam sera mpya ya mambo ya nje, nayo imewapa nafasi Watanzania waishio nje. Ni vyema. Lakini mtu husifiwa kwa fedha anazozileta baada ya kuulizwa namna alivyozipata. Serikali yenye kuhesabu fedha zinazoletwa na binti yetu, na isimhesabu binti mwenyewe, imehesabu maziwa ikamsahau ng'ombe.

Kwa hivyo, ndugu wanachama, matakwa yetu ni haya:

Kwanza, kila raia anayekwenda kufanya kazi nchi za nje aandikwe kabla ya kuondoka: jina lake, tajiri wake, mji anaokwenda, na wakala aliyempeleka, na orodha hiyo iwe katika ubalozi wa nchi anayokwenda.

Pili, mkataba uwe mmoja, usomwe kwa Kiswahili mbele ya mwenyewe na jamaa yake kabla ya safari, na mkataba wowote wa pili anaotiwa mkononi huko usitambuliwe na ubalozi wetu.

Tatu, katika kila mji wa Ghuba wenye ubalozi wetu aweko ofisa wa kazi, tena aweko mwanamke wa kuwasikiliza wanawake, na iweko nyumba ya hifadhi kwa aliyekimbia dhulma.

Nne, kila mapatano ya kazi baina ya Serikali yetu na serikali za Ghuba yachapishwe kwa Kiswahili, na Baraza la Wawakilishi liyaone. Pasi ikae kwa mwenyewe, na hilo liandikwe waziwazi.

Tano, Zanzibar na Bara ziweke kanuni za namna moja kwa mawakala, ili ufa tuliousema uzibwe. Na Serikali ya Zanzibar iwe na sauti katika mapatano yoyote yanayowahusu watu wake.

Sita, uwekwe mpango wa kuwatoa watu wetu wakati wa vita, kwa kila nchi ya Ghuba, na utengewe fedha katika bajeti sawa na vile kazi za majeshi zinavyotengewa.

Hayo ni ya Serikali. Lakini chama chenye kudai tu kisitende ni kama muadhini asiyesali. Yako ambayo twaweza kuyaanza sisi wenyewe kuanzia kesho.

Twashauri kila tawi liweke daftari moja. Liandikwe jina la kila mtu wa mtaa au kijiji aliyekwenda kufanya kazi Arabuni au kwengine, namba ya simu yake, jina la wakala, mji aliko, na siku aliyosikiwa mara ya mwisho. Daftari lishikwe na watu wawili waaminifu, na mmoja wao awe mwanamke. Lisisomwe barazani wala lisiwe la kusengenyea nyumba za watu. Wala lisiulize kadi ya chama: binti wa mwanachama wa chama kinachotawala naye aandikwe, kwani akifungiwa jikoni huko haulizwi alimpigia nani kura. Binti akikaa miezi miwili hakusikiwa, tawi liandike barua kwa Kamishna wa Kazi na nakala kwa ubalozi, na libakishe nakala yake. Barua moja yaweza kutupwa. Barua za matawi yote, zenye majina na tarehe, ni vigumu kuzitupa.

Na kwa akina mama waliopo hapa twaomba jambo dogo. Kabla binti hajaondoka, pigeni picha ya pasi yake na ya mkataba wake, na mmwambie ajifunze kwa moyo namba moja ya simu ya nyumbani. Simu yaweza kuchukuliwa na pasi yaweza kuchukuliwa. Namba iliyomo kichwani haichukuliwi na mtu.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Watu wetu wamekwenda tezi na omo, wengine kwa bunduki na wengine kwa ufagio. Iliyo juu ya Serikali ni kuhakikisha kwamba wote wana njia ya kurejea, na kwamba jina la kila mmoja wao limeandikwa mahali. Iliyo juu yetu ni kuidai dhamana hiyo mpaka itimizwe, na huku tukiandika wenyewe majina ya walio wetu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo.